Filamu ya Kifaransa yafichua njia ngumu ya mwandishi kijana, kutoka Paris hadi Nachingwea na Ruangwa

Na Mwandishi Wetu, Nachingwea

JIONI inapoingia mjini Nachingwea, sauti inayosikika mbali kuliko nyingine ni ya kibanda cha video. Ndani yake mtafsiri anawafunika waigizaji kwa sauti yake. Risasi zinalia, magari yanapinduka, naye anaongeza utani wa Kiswahili ambao mwongozaji wa filamu, huko aliko, hakuwahi kuuota.

Katika kibanda cha namna hiyo, filamu ya Kifaransa kuhusu kijana anayehangaika kuandika riwaya haina nafasi. Haina bunduki wala mapigano. Ina daftari, piano na mapenzi. Hata hivyo, mtu akibahatika kuitazama huku akiwafikiria vijana wa wilaya za Nachingwea na Ruangwa, mkoani Lindi, atagundua kwamba kisa kile cha Paris kinawahusu kwa karibu kuliko filamu nyingi zinazowavutia kila jioni.

Filamu yenyewe inaitwa Mon inconnue, maneno ambayo kwa Kiswahili tunaweza kuyafasiri kuwa Yule Nisiyemjua. Iliongozwa na Hugo Gélin na ilianza kuonyeshwa katika majumba ya sinema ya Ufaransa Aprili 2019. Mwandishi wa makala haya aliitazama kwenye kompyuta ya mkononi, katika nyumba ya wageni mjini Ruangwa, akisoma tafsiri iliyopita chini ya picha kwa kuwa Kifaransa chake ni cha kubahatisha.

Makala haya yanaeleza filamu hiyo inasimulia nini, kwa nini Wafaransa wanaweza kutengeneza filamu za aina hiyo, na inamwambia nini kijana wa huku ambaye ana mswada sandukuni na hajui aupeleke wapi.

Kisa chenyewe

Raphaël, anayeigizwa na François Civil, ni mwanafunzi wa sekondari anayeandika hadithi ya kubuni kwenye daftari lake. Anakutana na Olivia, anayeigizwa na Joséphine Japy, msichana anayepiga piano kwa siri. Olivia analisoma daftari, anaipenda hadithi na anamhimiza mwenzake aipeleke kwa wachapishaji. Wawili hao wanapendana na wanaoana.

Miaka kumi baadaye Raphaël amekuwa mwandishi mashuhuri. Vitabu vyake vinauzwa kwa wingi na wasomaji wanapanga foleni kutaka sahihi yake. Olivia anafundisha watu piano. Ndoto yake ya kuwa mpigaji mkubwa imewekwa kando, na mumewe hata hakumbuki ilikuwa inahusu nini. Usiku mmoja wanagombana vikali, na katika hadithi anayoiandika Raphaël anamuua mhusika wa kike ambaye tangu mwanzo alikuwa kivuli cha mke wake.

Asubuhi anaamka katika dunia nyingine. Katika dunia hiyo yeye na Olivia hawakuwahi kukutana. Yeye ni mwalimu wa shule asiyejulikana na mtu, na kitabu chake hakikuwahi kuandikwa. Olivia ndiye mashuhuri, mpigaji piano ambaye kumbi zinajaa kwa ajili yake. Raphaël hana mke, hana jina, hana kitabu. Amebaki na rafiki yake Félix, ambaye anamsikiliza kisa chake kwa mashaka, ila hamtupi.

Vichekesho vinaanzia hapo. Ili amkaribie mwanamke ambaye jana alikuwa mkewe, Raphaël anajifanya kuwa anataka kuandika kitabu cha maisha yake. Anayajua mambo ya Olivia ambayo mtu baki hawezi kuyajua, na kila anapoteleza ulimi anazua uongo mwingine wa kuufunika ule wa kwanza.

Mwisho wa filamu hatutausimulia, kwa heshima ya watakaoitazama. Inatosha kusema kwamba Raphaël anafikia mahali pa kuchagua. Akifanikiwa kurudi katika maisha yake ya zamani, yeye atapata tena umaarufu wake, lakini Olivia ataupoteza wa kwake. Swali la filamu basi si kama kijana atampata msichana, bali ni nani aliyelipa gharama ya kitabu chake.

Kisa hicho kimevuka mipaka. Mwaka 2025 Wajapani nao walitoa filamu yao iliyojengwa juu ya kisa hicho hicho, ishara kwamba jambo lenyewe si la Paris peke yake.

Ufaransa na heshima ya kalamu

Mon inconnue si filamu ya kwanza ya Kifaransa kumfanya mwandishi anayehangaika kuwa shujaa wa mapenzi. Frédéric Beigbeder, ambaye ni mwandishi wa riwaya, aliigeuza riwaya yake ya mwaka 1997 kuwa filamu iliyoanza kuonyeshwa Januari 2012 kwa jina la L'amour dure trois ans, yaani Mapenzi Hudumu Miaka Mitatu.

Humo tunamwona mhakiki wa vitabu aliyeachika, mwenye uchungu, anayeandika kitabu cha kuyalaani mapenzi. Wachapishaji wanamkatalia. Kinapokubaliwa hatimaye, kinatoka kwa jina la bandia, wakati ambapo yeye mwenyewe amependa upya. Mwanamke aliyempenda anakichukia kitabu hicho bila kujua kwamba mwandishi wake ndiye huyo aliyeketi naye mezani.

Msomaji anaweza kuuliza: nchi inapata wapi fedha za kutengeneza filamu kuhusu watu wanaoandika tu? Jibu lipo katika sheria kuliko katika hisia.

Ufaransa ina chombo cha taifa cha kusimamia sinema, kilichoanzishwa mwaka 1946. Kila tiketi ya sinema inayouzwa nchini humo hukatwa kodi ya takriban asilimia 10.7, na fedha hizo huingia katika mfuko unaosaidia kutengeneza filamu nyingine. Kwa hiyo, hata mtazamaji anayekwenda kuangalia filamu ya vita kutoka Marekani anachangia, bila kujua, filamu ndogo ya Kifaransa kuhusu kijana na daftari lake.

Vitabu navyo vina kinga yao. Sheria iliyopitishwa Agosti 1981 inamtaka mchapishaji apange bei ya kitabu kipya, na muuzaji haruhusiwi kuipunguza kwa zaidi ya asilimia 5. Lengo ni kuhakikisha kwamba duka dogo la vitabu katika mji mdogo haliuawi na duka kubwa lenye uwezo wa kuuza kwa bei ya kutupa. Duka dogo likiendelea kuwapo, mwandishi asiye na jina naye anapata rafu ya kuweka kitabu chake.

Juu ya hayo ipo Tuzo ya Goncourt, iliyotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1903. Mshindi hukabidhiwa hundi ya euro 10 tu. Utajiri wake haumo katika hundi hiyo, umo katika wasomaji, kwa sababu kitabu kinachoshinda huuzwa kwa maelfu mengi ya nakala. Mwaka 2021 tuzo hiyo ilikwenda kwa Mohamed Mbougar Sarr wa Senegal, akiwa na umri wa miaka 31, wa kwanza kutoka Afrika kusini mwa Sahara. Riwaya yake nayo inamhusu kijana Mwafrika aliyeko Paris, anayeandika na kutafuta nyayo za mwandishi mwingine aliyetoweka.

Mapenzi katika kibanda cha video

Tukirudi Nachingwea, picha inabadilika. Filamu za kigeni katika miji midogo ya nchi hii zilipata njia kupitia vibanda vya video na watafsiri wao. Kazi hiyo ilipata sifa miaka ya 2000 jijini Dar es Salaam, ambako Kapteni Derek Gaspar Mukandala, aliyejulikana zaidi kwa jina la Lufufu, alizisimulia filamu kwa Kiswahili, na kanda na diski zake zikasambaa mikoani.

Watafsiri hao hawakuwa wakalimani wa kawaida. Walieleza mila za wageni, walikosoa tabia za wahusika, na walipoona mazungumzo hayana ladha walitunga ya kwao. Kwa maana hiyo, katika kibanda cha video mwandishi wa kwanza ambaye vijana wengi walimsikia akifanya kazi mbele yao alikuwa mtafsiri.

Mapenzi nayo hayakukosekana. Filamu za Kihindi zilitangulia, zikaja za Nigeria, kisha za nyumbani. Filamu ya Girlfriend ya mwaka 2003, iliyoongozwa na George Tyson na kumshirikisha mwanamuziki TID, ilikuwa miongoni mwa zile zilizofungua njia ya kile ambacho baadaye kiliitwa Bongo Movie. Leo tamthilia za mapenzi ndizo zinazokusanya familia mbele ya televisheni, kama vile Huba na Jua Kali.

Kwa hiyo, kisa cha kijana na msichana si kigeni kwa mtazamaji wa Nachingwea au Ruangwa. Kilicho kigeni ni kumwona mhusika mkuu ambaye kazi yake ni kuandika, na ambaye watu wazima wanamwuliza maendeleo ya kitabu chake kama wanavyoulizana huku habari za shamba.

Reli ilijengwa, karanga hazikuota

Visa vya kuandika havikosekani katika wilaya hizi. Baada ya Vita Kuu ya Pili, serikali ya Uingereza iliichagua Nachingwea, pamoja na Kongwa na Urambo, kuwa sehemu za mradi mkubwa wa karanga ulioanza mwaka 1947. Misitu ilifyekwa kwa matrekta, mji ukainuka, bandari ikajengwa Mtwara na reli ikatandikwa hadi Nachingwea. Karanga hazikuja kwa kiasi kilichotarajiwa. Mwaka 1951 mradi ulitupwa kwa hasara ya takriban paundi milioni 36, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 reli nayo ikafungwa.

Kabla ya hapo, mwaka 1905, Vita vya Maji Maji vilifika katika nchi ya Wamwera. Baada ya uhuru, wapiganaji wa FRELIMO walifunzwa Nachingwea, na Samora Machel aliishi hapo akiwa kiongozi wa vita kabla ya kuwa rais wa kwanza wa Msumbiji. Katika historia hiyo kuna mapenzi, usaliti, njaa na matumaini ya kutosha riwaya kumi.

Tofauti ni kwamba karanga zilijengewa reli kabla ya mavuno kuwapo, ilhali waandishi wa huku wana mavuno na hawana reli. Kijana anaweza kuandika kitabu kizima kati ya msimu mmoja wa korosho na mwingine. Shida inaanza anapoweka nukta ya mwisho.

Tuieleze shida hiyo hatua kwa hatua. Sehemu kubwa ya wachapishaji wa Tanzania wapo Dar es Salaam, zaidi ya kilometa 500 kutoka Nachingwea. Kwa miaka mingi walikula kwa vitabu vya shule, na faida ya vitabu hivyo ndiyo iliyowawezesha kubahatisha riwaya moja au diwani moja. Tangu katikati ya miaka ya 2010, kazi ya kuandaa vitabu vya kiada iliwekwa mikononi mwa Taasisi ya Elimu Tanzania. Hatua hiyo ilikuwa na sababu zake, ikiwamo malalamiko kuhusu makosa katika vitabu. Hata hivyo, iliwapunguzia wachapishaji binafsi kipato, na mchapishaji mwenye mfuko mwembamba hapendi kubahatisha.

Aliyekataliwa hujichapishia mwenyewe. Tuchukue mfano wa hesabu tu. Kijana akichapa nakala 500 kwa gharama ya Sh5,000 kila moja, atahitaji Sh2.5 milioni mkononi kabla hajauza hata kimoja. Akiuza kwa Sh8,000, lazima auze nakala 313 ndipo arudishe fedha yake. Nakala hizo atazisafirisha kwa basi, atazihifadhi chini ya kitanda na kuziuza mkono kwa mkono, kwa kuwa katika miji mingi ya wilaya maduka yanayoitwa ya vitabu huuza madaftari, kalamu na vitabu vya shule.

Ipo njia nyingine ambayo Watanzania waliibuni wenyewe. Miaka ya 2000 hadithi za mapenzi zilitoka kwa mfululizo katika magazeti ya kila wiki, na msomaji alinunua gazeti ili ajue kilichompata mhusika aliyeachwa mlangoni wiki iliyopita. Eric Shigongo, mwanzilishi wa kampuni ya Global Publishers, alijipatia jina kwa hadithi za namna hiyo kabla ya kuwa mbunge wa Buchosa mwaka 2020. Siku hizi mfululizo umehamia kwenye simu. Mwandishi anatoa sehemu tatu za kwanza bure katika kundi la WhatsApp, na anayetaka kuendelea analipia kwa simu.

Njia hiyo inamfaa kijana wa Ruangwa, kwa kuwa haihitaji lori wala duka. Ila ina mwiba wake. Msomaji mmoja akilipia na kuisambaza sehemu hiyo kwa marafiki hamsini, jasho la mwandishi limekwisha.

Msomaji wa kwanza

Hapa ndipo filamu ya Kifaransa inapotufaa. Kabla ya mchapishaji, kabla ya tuzo na kabla ya umaarufu, Raphaël alikuwa na msomaji mmoja. Alipomsahau msomaji huyo, alipoteza vyote.

Historia ya fasihi yetu inathibitisha jambo hilo. Shaaban Robert, aliyezaliwa mkoani Tanga mwaka 1909, hakuishi kwa kalamu. Alianza kazi ya ukarani wa forodha mwaka 1926 na akaendelea kuwa mtumishi wa serikali kwa zaidi ya miaka 30, akiandika nje ya saa za kazi. Mkewe wa kwanza, Amina, alipofariki, alimwombolezea kwa shairi ambalo linasomwa hadi leo.

Katika miaka hiyo alikuwa na mtu wa kumweleza mambo yake. Kati ya mwaka 1931 na 1958 alimwandikia barua mdogo wake, Yusuf Ulenge. Barua hizo, zilizohaririwa na Profesa Mugyabuso Mulokozi na kuchapishwa mwaka 2002, zinamwonyesha mwandishi huyo mkuu katika hali ya kibinadamu: mwenye familia ya kulea, kazi ya kutwa na miswada ya kushughulikia. Alifariki mwaka 1962. Utubora Mkulima na Siku ya Watenzi Wote vilichapishwa mwaka 1968, miaka sita baada ya yeye kuzikwa.

Lipo jambo jingine linalostaajabisha. Raphaël wa filamu anajifanya mwandishi wa maisha ya mwanamuziki wa kike. Shaaban Robert aliifanya kazi hiyo kwa kweli. Mwaka 1958 ulitoka Wasifu wa Siti binti Saad, kitabu kuhusu mwimbaji wa Zanzibar ambaye mwaka 1928 alisafiri hadi Bombay, India, kurekodi nyimbo zake. Katika wakati ambao mwanamke wa hali ya chini hakutegemewa kuwa na cha kusimuliwa, mwandishi maarufu wa kiume aliweka kalamu yake chini ya kipaji cha mwanamke. Hilo ndilo somo ambalo Raphaël anahitaji karibu saa mbili za filamu ili alielewe.

Subira nayo ina mifano yake. Abdulrazak Gurnah aliondoka Zanzibar akiwa kijana wa miaka 18, na riwaya yake ya kwanza ilichapishwa mwaka 1987 alipokuwa na miaka 38. Tuzo ya Nobel ya Fasihi ilimfikia Oktoba 2021, na mwaka uliofuata riwaya yake ya Paradise ikatoka kwa Kiswahili kwa jina la Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis.

Adam Shafi naye alichapisha Vuta N'kuvute mwaka 1999, riwaya ya mapenzi ya Yasmin, msichana aliyeozwa kwa mzee, na Denge, kijana mpigania uhuru. Miaka 22 ilipita kabla ya Amil Shivji kuigeuza kuwa filamu, iliyoonyeshwa katika tamasha la filamu la Toronto, Canada, Septemba 2021. Kwa hiyo, anayesema kwamba Watanzania hawana filamu ya mapenzi iliyozaliwa na kitabu, amechelewa kupata habari.

Kijana afanye nini?

Msomaji mwenye mswada atataka kujua hatua za kuchukua. Zipo chache ambazo hazihitaji kufahamiana na mkubwa yeyote.

Kwanza, afahamu haki yake. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Namba 7 ya mwaka 1999 inailinda kazi tangu inapoandikwa, na ulinzi huo unadumu maisha yote ya mwandishi na miaka 50 baada ya kifo chake. Kuisajili kazi katika Ofisi ya Hakimiliki Tanzania, COSOTA, kunampa ushahidi iwapo itaibwa.

Pili, anayejichapishia aombe namba ya utambulisho wa kitabu kutoka Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania. Bila namba hiyo kitabu ni kama mtoto asiye na cheti cha kuzaliwa: yupo, lakini akifika dirishani hatambuliki. Baraza la Kiswahili la Taifa, BAKITA, hupitia miswada na kutoa ithibati ya lugha.

Tatu, afuatilie tuzo. Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inayosimamiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, ilitolewa kwa mara ya kwanza Aprili 13, 2023, tarehe aliyozaliwa Mwalimu. Riwaya na ushairi ni miongoni mwa nyanja zake. Kabla yake, Tuzo ya Kiswahili ya Mabati-Cornell, iliyoanzishwa mwaka 2014, iliwainua waandishi ambao wengi hawakuwa wakijulikana. Mshindi wake wa kwanza wa riwaya, mwaka 2015, alikuwa Anna Samwel Manyanza kwa mswada wa Penzi la Damu. Uzuri wa tuzo za aina hii ni kwamba mswada kutoka Ruangwa husomwa sawa na ule wa Oysterbay.

Nne, asidharau tamthilia. Kila kipindi cha televisheni kinachorushwa kila wiki kinahitaji mtu wa kukiandika, na anayejua kupanga mazungumzo ana kazi ya kufanya hata kabla kitabu chake hakijatoka.

Hatua hizo ni za mtu mmoja mmoja. Zinazobaki ni za umma. Mfano wa Ufaransa unaonyesha kwamba mwandishi kijana haokolewi na bahati. Anaokolewa na kanuni za kudumu: senti chache za kila tiketi, bei ya kitabu isiyovunjwa, duka dogo lisilokufa. Halmashauri haiwezi kuanzisha Tuzo ya Goncourt. Inaweza, hata hivyo, kuweka rafu ya hadithi katika kila shule ya sekondari, na kununua nakala 20 za kitabu cha kijana wake anayekichapa kwa fedha ya ufuta. Nakala 20 si kitu kwa bajeti ya wilaya. Kwa mwandishi, ni tofauti kati ya kuendelea na kuacha.

Nachingwea ina chuo cha ualimu, na walimu wa Kiswahili wanaofundishwa humo ndio watakaokuwa wa kwanza kuyaona madaftari ya akina Raphaël wa huku. Mwalimu akilisoma daftari hilo kwa makini badala ya kulichapa mhuri na kulirudisha, tayari amejenga kilometa moja ya reli.

Mwandishi wa makala haya naye aliwahi kuwa na daftari. Alipokuwa kidato cha tatu aliandika hadithi ya kurasa 90, na miaka kadhaa baadaye aliupeleka mswada huo kwa mchapishaji mmoja. Alisubiri miaka miwili, hakupata jibu, akaacha kuuliza. Nakala pekee iliyobaki ni ile ya daftari, kwa kuwa dada yake mkubwa alikataa kuitupa.

Dada huyo alikuwa na sauti nzuri ya kuimba, na aliacha kwaya ili afanye biashara ndogo iliyomlipia mdogo wake ada ya chuo cha uandishi wa habari. Katika miaka yote hiyo, mdogo wake hakuwahi kumwuliza alikuwa akipenda kuimba nini.

Baada ya filamu kwisha usiku ule mjini Ruangwa, swali hilo liliulizwa kwa simu. Alicheka, akasema muda wa maongezi ungekwisha kabla hajamaliza kuzitaja. Hata hivyo, alizitaja.